Lyle Hudak na Masomo ya Juu ya Binti Yake

Ijumaa za Kwaresima, hapa kwetu Yarnell Fork, hata wale wasiokanyaga kanisani mwaka mzima hawagusi nyama. Wanakuja kula samaki kwenye jengo la zimamoto, na samaki anakaangwa na kaka yangu, Lyle Hudak. Mimi ni Dolores, dada mtu. Nakaa mlangoni nakata tiketi na kuwapanga watu foleni, na ukinisikia nafoka, jua foleni imefika barabarani.

Siku za kazi Lyle anaendesha gari la halmashauri la kuondoa theluji. Ni pande la mtu, sauti nzito, akicheka vikombe vinacheza mezani. Mkewe alimkimbia akaenda Florida na muuza mabwawa ya kuogelea, akamwachia binti mmoja, Brenna, alikuwa bado anatambaa. Lyle hajawahi kumsema vibaya yule mwanamke. Nilimsema mimi kwa niaba yake, na hata leo ukinichokoza nitaanza upya. Akajifunza kusuka nywele za mtoto kwa mikono ile ile ya kukaza nati. Zilikuwa zinakaa upande, lakini zilisukwa.

Sasa, hapa kwetu mtoto akikaribia kumaliza darasa la nane, kipindi hicho hicho cha Kwaresima, anachagua masomo ya sekondari. Yapo ya kawaida, na yapo tunayoyaita ya juu: vitabu vizito, kazi nyingi za nyumbani, na ndiyo njia ya kufika chuo kikuu. Mwalimu ndiye anayekupendekeza. Lyle enzi zake alikuwa anapenda hesabu, hilo watu hawalijui. Alimfuata mwalimu kuuliza kama anaweza kuingia ya juu, akaambiwa, "Wewe si mtoto wa Hudak? Karakana inakutosha." Akaenda karakana. Hakulalamika, lakini lilimkaa rohoni, na tangu Brenna aanze kuleta alama nzuri nyumbani, wimbo wake ni mmoja.

"Mwanangu, sekondari unaingia ya juu, au siyo?"

"Tutaona, baba."

"Hakuna kuona hapa. Unaingia."

Basi majina yakatoka, na Brenna hakuwemo. Alimwambia baba yake kwamba Mwalimu hakumpendekeza, akaingia chumbani akafunga mlango. Lyle alikuja kwangu na buti zake za theluji, akanichafulia sakafu yote, na kwa hali niliyomwona nayo sikumsema kwa hilo.

"Doli, wamemfanyia kama walivyonifanyia mimi."

"Nenda shule ukawaulize!"

"Nikienda shule nitapiga meza."

"Si upige! Meza zenyewe tunazilipia kodi."

Hakwenda. Ila Ijumaa iliyofuata, nani namwona mlangoni kwangu? Mwalimu Prokop, anayemfundisha Brenna, kavaa koti lake refu la kijani. Nikamkatia tiketi bila kumpa hata tabasamu. Alipofika mbele ya karai la mafuta, Lyle akaweka koleo chini, akafuta mikono kwenye aproni, akazunguka meza akaja kusimama mbele yake.

"Mwalimu, nina swali moja tu. Mwanangu amekosa nini?"

"Samahani?"

"Brenna. Mtoto hajawahi kuleta alama mbaya. Mbona hukumpendekeza kwenye masomo ya juu? Au kwa sababu ni Hudak?"

Mzee Stosh, mdomo umejaa tambi na kabichi, akaacha kutafuna. Mtu akapaza sauti, "Mwambie, Lyle!" Mtu huyo alikuwa mimi.

Mwalimu Prokop hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimtazama kaka yangu kwa huruma, kama mtu anayetazama mbwa mlemavu.

"Bwana Hudak, Brenna ndiye niliyetaka kumpendekeza wa kwanza kabisa. Ni yeye aliyeniambia kwamba umemkatalia."

"Nani kamkatalia?"

"Wewe. Alisema, 'Baba hataki, anasema masomo hayo ni ya watu wanaojidai.' Nikaona nisiingilie mambo ya nyumbani kwenu."

Nikageuka. Brenna alikuwa mwisho wa meza, ndiye aliyekuwa anapakua kachumbari ya kabichi. Amekuwa mwekundu mpaka masikioni, kijiko kimebaki hewani, macho chini. Hapo hapo nikajua mwalimu anasema kweli. Lyle naye akamtazama binti yake, akamtazama kwa muda, na mtoto hakuinua uso.

Nilifungua mdomo nimseme yule binti mbele ya mji mzima. Lyle akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Ni kweli, Mwalimu," akasema. "Nilimkatalia. Kichwa changu kigumu. Nimefikiri upya. Kama muda haujapita, mwandike. Tafadhali."

Jamani! Mtu dakika hii anauliza kwa nini mwanawe hakuandikwa, dakika ya pili anasema yeye ndiye aliyekataa. Alionekana mlevi. Alionekana punguani. Mzee Stosh akaangua kicheko: "Lyle, leo bia umeianza asubuhi?" Wakacheka wote. Na Lyle, kaka yangu mimi, akacheka nao, akarudi kwenye karai lake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze na tiketi zangu.

Watu walipoondoka tulibaki watatu jikoni. Brenna alikuwa anakausha sinia lililokwisha kukauka.

"Kwa nini?" Lyle akamwuliza. Hakupandisha sauti.

"Niliogopa, baba."

"Uliogopa nini?"

"Kufeli. Hapa mimi ndiye wa kwanza. Kule kila mtu alikuwa wa kwanza alikotoka. Ningesema naogopa, Mwalimu angenikalisha chini anibembeleze mpaka nikubali. Nikasema wewe hutaki." Akaanza kulia. "Hakuuliza tena, baba. Hata neno moja."

"Hakuuliza?"

"Hapana. Alisema tu, 'Naelewa.'"

Lyle akachukua kitambaa akafuta meza niliyokwisha kuifuta. "Hata simu hakunipigia," akasema, lakini hakuwa anatuambia sisi. Aibu aliyoipata mbele ya watu niliiona ikipita, hii ya Mwalimu kutouliza ikabaki. Mwanawe kadanganya, sawa, watoto hudanganya. Ila uongo ule ulimkaa Lyle kama nguo yake mwenyewe, na mwalimu aliyesoma akaupokea bila kuugeuza.

"Mchuma janga hula na wa kwao," nikamwambia Brenna. "Haya, umetulisha sote."

"Doli, mwache mtoto."

"Simwachi!"

"Basi mseme kesho. Leo amechoka."

Wiki ile watu walikuwa na kazi moja tu. Kituo cha mafuta: "Lyle, umemruhusu binti kuvaa viatu?" Dukani: "Mwangalieni asije akamfungia kwenye banda la kuku!" Lyle anacheka, anapakia chumvi ya barabarani, anaondoka. Brenna aliyasikia yote, mengine akiwa kwenye kiti cha mbele cha gari la baba yake. Alikuja kwangu hajala.

"Masomo nitayachukua, shangazi. Hata nikifeli. Lakini baba nitamtazamaje?"

"Kwa macho. Na ukweli ukauseme pale pale alipochekwa. Usinong'one."

"Mbele ya watu wote?"

"Yeye alivuliwa nguo chooni?"

Ijumaa ikafika. Mwalimu Prokop akaja tena, safari hii ana tabasamu pana. Akasimama mbele ya Lyle akaanza kusema polepole na kwa sauti kubwa, utadhani kaka yangu ana tatizo la masikio.

"Bwana Hudak, nakupongeza. Si rahisi kwa mzazi kubadilika. Umefanya jambo kubwa."

"Asante, Mwalimu," Lyle akasema. "Kipande kikubwa au kidogo?"

Brenna akaweka kijiko chini. Akatoka nyuma ya meza na glavu zake za plastiki, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni kwangu.

"Mwalimu, baba hakunikatalia. Hajawahi. Nilidanganya mimi kwa sababu niliogopa, na yeye alikuwa hajui lolote. Alisema vile ili nisiaibike."

Nikasema moyoni, asante Mungu, sasa wamesikia. Nikawatazama mmoja mmoja ili nione nani ataomba radhi kwanza.

Mwalimu Prokop machozi yakamlengalenga. Akamwekea Brenna mkono begani.

"Wewe ni mtoto mwema, Brenna. Unampenda sana baba yako. Lakini huna haja ya kumtetea, mwanangu. Yamepita. Hakuna anayemlaumu tena." Kisha akachukua sahani yake akauliza ndimu ziko wapi.

"Lakini ni kweli! Shangazi, waambie!"

Nikawaambia. Nilisimama juu ya kiti nikawaambia, na mengine niliyosema hayafai kurudiwa Kwaresima. Mzee Stosh akapunga uma. "Dada mtu naye! Unategemea aseme nini?" Wakacheka, wakarudi kwenye samaki wao.

Brenna akabaki amesimama katikati ya ukumbi, mikono imening'inia. Nimeona watu wakiaibika maishani mwangu, wengine nimewaaibisha mimi, lakini sura ile sijawahi kuiona.

"Hawaniamini, baba."

Lyle akainua samaki kutoka kwenye mafuta, akawakung'uta.

"Ule uongo waliuamini haraka," akasema.

Brenna akaanza kulia kwa sauti. Lyle akajaza sahani, akazunguka meza, akampa mkononi.

"Mimi nimesikia," akamwambia. "Peleka meza ya dirishani, wamesubiri sana."

Akaipeleka. Alipita katikati ya watu wote wale huku analia, hakujifuta uso, akawawekea chakula chao mezani, akawauliza kama wanahitaji chumvi.