Maharage ya Masista

Nimechoka. Nalisema mapema ili baadaye nisionekane nalalamika. Mwezi wa tano huu tangu mke wangu apatwe na kiharusi, naamka kabla ya adhana, namgeuza, namwogesha, nafua, napika, kisha nakaa barazani kwenye cherehani nishone suruali za watu. Wanetu wako mbali. Wanapiga simu kunipa pole, na pole hizo ningekuwa naziweka, kabati lingeshajaa.

Lakini kilichonitesa si kazi. Mke wangu alikuwa ameacha kula. Uji, hata nikiutia asali, alionja vijiko viwili akageukia ukutani. Tena alianza kugawa vitu vyake: kanga hii apewe dada yake, sufuria kubwa iende kwa binti yetu. Ukimtajia habari za kesho, anafumba macho.

Siku moja nilimpelekea uji, nikamtania kwamba mgonjwa haulizwi uji.

"Aliyesema hivyo hakunywa wa kwako," akanijibu kwa sauti ndogo, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo. "Baba watoto, nataka maharage ya masista."

Kabla sijamwoa, alikuwa mpishi wa masista wa Kiitaliano hapa Tabora. Walimfundisha kukaanga maharage kwa kitunguu saumu, nyanya na rozmeri, yale majani membamba yanayonukia. Alipoacha kazi aliondoka na kitawi kimoja, akakipanda kwenye kopo la rangi mlangoni petu, na mpaka leo kinachipua. Miaka yote hiyo nimekula maharage hayo kwa ugali, wala sikuwahi kuuliza yanapikwaje. Naona aibu kuliandika.

Nilinunua maharage ya Ulyankulu, nikayaloweka usiku kucha kama alivyoniagiza, na asubuhi nikayachemsha. Mchana nikabandika kikaango. Jiko letu na chumba anacholala vimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Nilimimina mafuta ya karanga, nikatia kitunguu saumu na rozmeri, kisha maharage, nikaanza kukoroga. Ninaogopa sana kuunguza, kwa hiyo nilikoroga bila kupumzika.

"Unakaanga au unasonga ugali?" akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta. "Weka mwiko chini."

"Yataungua, mama watoto."

"Nayasikia. Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda, kwa uchovu zaidi kuliko utii. Mafuta yalichachatika, jua lilikuwa kali, treni ikapiga honi huko stesheni. Nikaegemeza kichwa ukutani, na usingizi ukanichukua.

"Geuza."

Nilishtuka. Ile ilikuwa sauti yake ya zamani, aliyokuwa akiwaitia watoto waliopo nyumba ya tatu. Nikageuza. Chini maharage yalikuwa yamefanya ukoko wa kahawia, mkavu, kama nilivyoujua siku zote. Nikatia nyanya, nikakaa tena. Aliposema niepue, nikaepua.

Nilimlisha kijiko baada ya kijiko. Alimaliza sahani nzima. Ukoko aliutafuna polepole kwa upande wake mzima, na mimi nikasubiri walau neno moja la shukrani.

"Chumvi haitoshi," akasema. "Na umeyachemsha mno."

Nilikuwa nimechoka hata kukasirika. Nikabeba sahani, na nilipofika mlangoni akaniita.

"Yamebaki maharage makavu?"

"Kama vikombe viwili."

"Yaloweke."

Nikarudi jikoni, nikayamwaga yote kwenye bakuli, nikayatia maji. Kisha nikakaa pale kwenye kigoda nikalia, nimejiziba mdomo kwa kitambaa cha sufuria, maana yule mwanamke anasikia kila kitu.