Kifuu Nyuma ya Mtungi

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nilifunga mvua ya Mombasa nikasahau kuifungua. Nalisema hili bila kucheka, kwa sababu niliishi nikiliamini miezi minne, na jambo ulilobeba peke yako miezi minne huwa na uzito wake hata kama si kweli.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wenye vikapu hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu. Uani kuna kisima, na kando ya kisima Bibi, mamake mama, alikuwa na mwasumini alioupanda mwenyewe. Maua yake ndiyo aliyofungia vikuba, vile vishada vya asumini na rehani ambavyo wanawake hubandika kifuani wakienda arusini. Kila Alkhamisi wanawake wa mtaa walikuja kuchukua vyao, na Bibi alimjua kila mmoja na ukubwa wa kikuba anachopenda.

Mwaka huo, mwezi wa Oktoba, aliolewa mama yangu mdogo. Pilau ilipikwa pale uani kwa kuni, masufuria matatu makubwa, na mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kujikusanya. Kwetu mvua ya arusi hufungwa na kitinda mimba wa kike wa nyumba, naye alikuwa mimi. Bibi alinipa kifuu cha nazi na chumvi kidogo. Niliiweka chumvi chini, nyuma ya mtungi wa maji, nikaifunika kwa kifuu na kusema kama nilivyofundishwa: "Mvua, tungoje tule." Sharti lilikuwa moja tu. Wageni wakishaondoka, aliyefunika afunue mwenyewe kabla jua halijachwa, amwage maji pale pale. Asipofunua, mvua huisahau njia ya mji.

Haikunyesha, na kila aliyekula alinisifu. Jioni bibi arusi akapelekwa Tudor kwa wakweze, nami nikajipenyeza garini katikati ya wanawake. Kifuu nilikikumbuka siku ya pili, nikiwa bado huko Tudor, kinywa kimejaa mkate wa sinia. Niliporudi nyumbani jua lilikuwa limeshakuchwa mara mbili. Nikajiambia kufunua sasa hakuna faida, kisha nikajiambia kwamba anayefunua kwa kuchelewa hupigwa na radi. Hilo la radi hakunifundisha mtu, nililitunga mwenyewe. Nikanyamaza.

Vuli haikuja. Kaskazi ikaingia na jua lake, na mfereji ukawa unatoa maji siku moja kwa wiki, kisha ukatoa upepo tu. Tukawa tunaletewa maji kwa mkokoteni. Kisima kilishuka na maji yake yakageuka ya chumvi, na asumini haipendi chumvi. Bibi aliupa mti wake maji aliyooshea mchele, lakini majani yalikauka pembeni kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Nilimsikia akimwambia mama kwamba mwasumini huu ukifa hatapanda mwingine, maana umri wake haungoji tena mti ukue.

Alkhamisi moja ya Februari alikuja jirani yetu wa mlango wa mbele, Bi Zuhura. Vikuba havikuwapo, lakini alikaa barazani vivyo hivyo pamoja na wanawake wengine wa mtaa, akijipepea kwa upindo wa leso.

"Makosa ni ya nyumba hii," alisema. "Mlifunga mvua ya arusi, mkala pilau, mkalala."

"Na wewe ulikula sahani mbili, Zuhura," Bibi akamjibu. "Dhambi tugawane."

Wanawake wakacheka. Mimi nililitua sinia la vikombe mlangoni, nikarudi ndani.

Walipoondoka nilichungulia nyuma ya mtungi. Kifuu kilikuwa pale pale, kimefunikwa, mgongo wake mweupe kwa vumbi. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi, aliyekuwa akiokota majani makavu chini ya mwasumini, nikamweleza yote huku nikilia, hata mkate wa sinia sikuuficha.

Nilingoja anicheke au anichape. Aliyaweka majani chini.

"Maji yako ya kuoga ya leo yako wapi?"

Nilimwonyesha ndoo yangu ndogo.

"Basi leo huogi. Ulifunika wewe, utafunua wewe. Mimi sikushikii."

Nikafunua. Chumvi haikuwapo tena, alitoka mende mmoja tu akakimbia. Nilimwaga maji nusu ya ndoo pale pale. Nusu iliyobaki, bila kuambiwa, nikaipeleka kwenye shina la mwasumini. Kisha nikatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kama shuka.

"Sasa kanawe uso," alisema Bibi.

Siku ya tatu, saa nane mchana, jua likiwa bado linawaka, tone lilipiga bati la jikoni. Mtu wa jirani akauliza nani anarusha mawe. Kisha yakaja mengine, mazito, mbali mbali, halafu yote kwa pamoja. Kichochoro kizima kilitoka na masufuria, mabeseni, hata masinia ya pilau. Bi Zuhura alisimama katikati na leso imemgandama mwilini, akiwaambia watoto wa watu wasimwangalie yeye, waangalie ndoo. Bibi hakukinga chochote. Alikunjua viganja, akavingoja vilowe, akajipaka usoni.

Haikudumu hata muda wa wali kuiva. Ndoo yetu ilipata maji ya kimo cha kidole. Kuta zilitoa mvuke, na harufu ya vumbi lililolowa ikaingia hadi vyumbani.

Jioni mjomba alirudi kutoka kazini kwake Shimanzi na shati bichi, akasema huko pia malori yameoshwa. Nikamwambia mvua nimeifungua mimi.

"Na ya Shimanzi?"

"Na ya Shimanzi."

Mwasumini haukufa. Kikuba cha kwanza kilikuwa na maua manne tu, na Bibi alinibandika mimi, ingawa siku hiyo sikuwa na pa kwenda.

Nilipofika kidato cha pili Bibi alipooza upande mmoja, nikabaki nyumbani kumtunza, na shule ikaishia hapo. Siku moja nikimsuka nilimuuliza kama kweli kile kifuu kilifunga mvua. Alizungumza kwa taabu wakati huo, kwa hiyo hakupoteza maneno.

"Mvua ni ya Mungu," alisema. "Kifuu kilikuwa chako."

Nimeyazungusha maneno hayo mara nyingi tangu alipofariki. Angeweza kuniambia siku ile kwamba yale ni mambo ya kitoto, nami ningelala vizuri usiku mmoja. Lakini ningebaki yule aliyeutazama mti wake ukikauka akanyamaza. Yeye aliniachia nikatengeneze kwa maji yangu mwenyewe.

Bado mimi ndiye kitinda mimba wa nyumba. Arusi ikiangukia msimu wa mvua huitwa mimi, na siku hiyo sionji pilau mpaka kifuu nimekifunua. Wageni humsifu mama kwamba binti yake ana adabu, hula watu wote wakishamaliza. Wakishaondoka, Mama hunitazama, nami nateremka uani na kata ya maji.