Shamba la Ujima Lina Mwenyewe

Nakumbuka siku moja ya baridi, mwanangu, ukungu wa Njombe ulipogoma kuondoka hata jua lilipopanda. Nilikuwa nesi kijana kwenye zahanati ya serikali, kando ya barabara ya kwenda Makambako. Umeniambia umechaguliwa kwenye kamati ya pamoja ya huduma za jamii, na furaha yako nimeiona. Kaa basi, unywe chai, nikusimulie habari za Anjela.

Enzi zile tulikuwa na gari moja tu la wagonjwa, nalo lilikuwa la wakubwa watatu. Hospitali ya misheni ililaza gari uani kwake, halmashauri ilitoa mafuta, na chama cha hisani cha Makambako kilimwajiri dereva. Walipokubaliana walikula wali na nyama, wakapeana mikono, wakasema kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi wadogo tukapiga makofi. Vikao unavijua, mwanangu, makofi hayakosekani.

Siku hiyo ya ukungu Anjela alikuja kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto alitoka salama, lakini damu ya mama ikawa haikatiki. Nikaita misheni kwa redio. Wakasema gari lipo ila halina mafuta, niwaulize halmashauri. Halmashauri wakasema mafuta yapo tele, dereva aje tu achukue. Chama nacho kikasema dereva yuko nyumbani, anangoja misheni imwite. Hakuna aliyekataa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba wote walisema ndiyo. Nilikuwa nimemshika Anjela mkono, nao ulipoa gari likiwa bado uani.

Msibani wakubwa wale walikuja pamoja, na mmoja akasimama kuwasemea wenzake.

"Poleni sana, mama. Jambo hili linatuhusu sote. Sote tunawajibika."

Mama yake Anjela, Bibi Vumilia, alikuwa ameketi mkekani na kichanga mapajani. Hakupaza sauti.

"Asanteni kwa kuja, wanangu. Sisi tukiitana kulima kwa ujima, watu huwa wengi, lakini shamba lina mwenyewe. Yeye hutangulia na jembe lake, akamwonyesha kila mtu pa kuanzia. Asipotokea, watu huanza na pombe ya ulanzi, shamba likabaki na magugu yake. Sasa niambieni. Siku ile, Anjela wangu alikuwa shamba la nani?"

Kichanga kikaanza kulia, kinatafuta ziwa la mama, nami nikatoka nje kwa sababu sikuweza kukisikiliza.

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na safari ile mjukuu alikuwa amepakatwa mbele yetu. Baadaye wale watatu walimteua mtu mmoja, muuguzi mkuu wa misheni. Gari, mafuta na dereva vyote vikawa chini ya neno lake, na wengine wakabaki wasaidizi wake. Gari likaanza kufika. Akina mama wengi walipona, nikawafurahia kweli, ila kila niliposikia mlio wa gari lile likikata kona nilijiuliza lilikuwa wapi siku ile.

Kwa hiyo, mwanangu, ushirikiano usiukimbie. Hakuna ofisi inayojitosheleza. Lakini kabla hamjapiga makofi, inua mkono, hata wakikuona mkorofi, uulize: shamba hili la nani? Nani atatangulia na jembe, na asipotokea nani atamfuata mlangoni? Wakikujibu kwamba ni letu sote, usikae chini. Uliza tena mpaka litajwe jina la mtu, na likiwa jina lako, usilikwepe.

Nenda kwa amani, Mungu akutangulie. Akupe wenzako wa kweli, na asikuonjeshe kamwe kushika mkono unaopoa hali kila mtu amekwisha kusema ndiyo.