Mshipa Nyuma ya Sikio

Nilizaliwa na mgongo wazi, kwetu Ekero, miaka ile miwa ilipopandwa hadi mlangoni mwa jikoni. Hilo la mgongo nililijua. Kovu la kiunoni nililigusa kila nilipooga, na magongo nilitembelea tangu darasa la kwanza. Nisilolijua lilikuwa kichwani.

Nyuma ya sikio la kulia nilikuwa na kitu kama kamba nyembamba, kikishuka chini ya ngozi hadi kifuani. Siku moja mama akinisuka nilimwuliza ni nini.

"Ni mshipa," akasema. "Usiuguseguse."

Nikaamini. Mama ndiye aliyenibeba mgongoni hadi shuleni msimu wa mvua, trekta za miwa zikiturushia matope. Ningemshukuje?

Nilipofaulu mtihani niliitwa shule ya bweni. Muhula wa pili kichwa kikaanza kuniuma kila nilipoamka. Kisha nikawa natapika.

"Malaria hiyo," metroni akasema, akanipa vidonge. "Una ugonjwa mwingine?"

"Hapana. Ni miguu tu."

Siku ya nne nikaona ubao kama mbao mbili. Siku ya tano wenzangu waliniamsha, sikuamka.

Nilizinduka katika hospitali ya mbali, nimenyolewa upande mmoja. Mama alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Daktari aligusa nyuma ya sikio langu.

"Hapa unajua pana nini?"

"Mshipa."

Akavuta kiti. Akanieleza kwamba watoto wengi wa mgongo wazi hujaa maji kichwani, kwa kuwa maji ya ubongo hayapati njia ya kutoka. Nikiwa mchanga kichwa changu kilianza kukua, nikawekwa mrija wa kuyapeleka tumboni. Mrija ule ulikuwa umeziba. Fuvu la mtu mkubwa halipanuki tena, kwa hiyo maji yalikuwa yanaukandamiza ubongo. Walikuwa wameniwekea mwingine.

"Huu ni wa maisha," akasema. "Ukiumwa kichwa, ukatapika, ukalemewa na usingizi, usingoje. Ungewaambia una mrija, wangekuleta siku ya kwanza. Nani alikuambia ni mshipa?"

Nilimtazama mama, naye akatazama sakafu.

Daktari alipotoka, mama akasema, "Shule mbili zilikukataa kwa ajili ya huo mrija, mwanangu. Nilitaka usomange kama wengine."

"Mimi ungeniambia, mama. Ningeuficha pamoja nawe."

Alilia. Mimi sikulia, na sikumshika mkono.

Niliporudi shuleni, mwalimu mkuu alinionyesha fomu yangu ya kujiunga. Penye magonjwa, kwa mwandiko wa mama ninaoujua vizuri, paliandikwa: *Hana*.

"Tungekupokea vilevile," akasema. Maneno hayo yaliniuma kuliko kidonda.

Jicho la kushoto, lililoumizwa na maji yale, halikupona sawasawa, nikawa nakaa dawati la mbele. Wasichana wote wa bweni niliwaonyesha mrija ulipo, nikawaambia la kufanya nikilala kupita kiasi.

Siku ya wazazi mama alikuja na kuku wa kuchemsha na obusuma, ugali wetu wa nyumbani. Tulikula. Akanisimulia kwamba kiwanda cha sukari kilikuwa kikisaga mchana na usiku, na kwamba baba alikuwa amepandishwa cheo huko.

"Na kichwa je?" akauliza.

"Kizima."

Asubuhi hiyo kilikuwa kimeniuma kidogo, na metroni alikwisha kujua. Mama sikumwambia.