Kitunga cha Simu cha Bijombo

Niliondoka Uvira kwa sababu ya simu iliyokuwa inaita bila kupokelewa. Mdogo wangu Neema ameolewa kule juu, Bijombo, na siku zake za kujifungua zilikuwa zimefika. Kila tukipiga, inaita tu. Mama akaacha kula. Akaniambia mimi mwanawe, "Baba, panda uende uone. Hata kama ni habari mbaya, niijue."

Alfajiri nikatoka mtaani kwetu Kasenga kwa pikipiki. Dereva alinifikisha pale njia ilipomshinda, akageuza, nami nikashika kijia kwa miguu. Mlima ule hauna huruma! Nilipanda huku nasali.

Mchana nikafika kwenye kilima chao cha rezo, yaani mtandao wa simu. Rezo ilikuwa inashika hapo tu, basi watu walizoea kuweka simu zao zote katika kitunga kimoja, ndani ya kibanda cha nyasi. Mama Zawadi ndiye aliyezilinda. Moja ikilia, anaita kwa sauti ng'ambo ya bonde mpaka mwenyewe apande mbio. Siku hiyo hapakuwa na mtu. Nikapiga namba ya Neema. Ikalia ndani ya kitunga, simu pekee iliyobaki humo. Yesu wangu!

"Weye unatafuta nani?" Alikuwa Mama Zawadi mwenyewe, anatoka shambani na jembe begani.

"Neema, mama. Yuko hai?"

"Eeh! Iko muzima kabisa, na mutoto mwanaume! Kumbe bwana yake aliacha simu hapa?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Wiki ileile serikali ilikuwa imewasha mnara wake mpya wa simu, na yeye akaacha ulinzi siku hiyohiyo. "Miye koo imepumzika kuita watu," akasema. Shemeji hakujua habari ya mnara, alikuwa na mkewe kituo cha afya. Mtoto alipozaliwa, shemeji akakimbilia kilimani kwa mazoea. Unite za kupigia hana, akaiacha simu kitungani ingoje mama mkwe apige, akarudi kwa mkewe.

Jioni, nyumbani kwao, nilimshika Neema nikalia bila aibu. Kisha nikamgeukia shemeji. "Rezo iko mpaka jikoni kwako, weye unapeleka simu mlimani!"

"Nani angejua, shemeji? Makampuni yalisema huku hatuko wengi, hakuna faida. Serikali ilichelewa, lakini ilikuja."

Nikampigia mama palepale, karibu na mafiga. Alisema "Aksanti Mungu" mara nyingi mpaka sauti ikakatika.

Kesho yake nikateremka, miguu myepesi. Zamani nilidhani mnara ni biashara tu, kama duka la Kasenga. Sasa najua: kampuni hufuata wateja, na siilaumu; lakini raia wa kilimani, asipofuatwa na serikali, nani atamfuata?

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa anakula ugali na samaki wa mukeke, simu ameibana begani.

"Usimunyamazishe, Neema," alikuwa anasema. "Acha alie kidogo. Nisikie."