Pua Aliyoitengeneza Baba

Dada yangu alifundishwa kuonja mvinyo kwa makofi. Nalisema hili mapema kwa sababu kila msimu alikuwa akitokea mwandishi wa gazeti na daftari lake, anamuuliza kipaji chake alikitoa wapi, na dada anatabasamu na kujibu kwamba amezaliwa nacho. Amezaliwa nacho wapi! Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina.

Somo lilikuwa kila Jumapili mchana, jikoni kwetu, mlango umefungwa. Baba alipanga vikombe vitano mezani. Dada, miaka kumi na mmoja, alinusa, akaonja, akatema kwenye ndoo, kisha akasema: hiki ni cha mteremko wa juu, hiki ni cha mwaka jana, hiki pipa lake halikuoshwa vizuri. Akipatia, baba alinyamaza. Akikosea, kofi, na siku zote shavu la kushoto, kwa kuwa baba alitumia mkono wa kulia. Mama aliongeza sauti ya redio. Mimi, mdogo wake wa kike kwa miaka miwili, nilimimina kingine. Alipofika miaka kumi na mitano dada hakukosea tena, na baba akawa anatamba kwa majirani kwamba yeye ni mwalimu.

Watu wa mbali wanadhani mvinyo ni kazi ya watu wapole wenye mashati meupe. Waje kwetu milimani waone. Baridi ya huku haina adabu. Asubuhi moja ya umande ulioganda inatosha kuua machipukizi ya shamba zima. Zabibu zinaiva kwa shida, na mvinyo wake unatoka mwepesi, mchachu, wenye harufu ya tufaha bichi na ya jiwe lililonyeshewa. Ukizembea kidogo tu, umepata siki. Ndiyo maana chama cha wakulima kina sheria yake. Kila mwaka kila mkulima analeta chupa sita zisizo na lebo, na majaji watano wanaonja bila kujua ni za nani, kila mmoja akitoa alama zake kati ya mia. Ukipata themanini, chama kinakugongea muhuri. Ukikosa miaka mitatu mfululizo unafutwa, na zabibu zako hakuna atakayezigusa.

Watu wamevunjana taya kwa sababu ya alama mbili. Jaji mmoja alisukumwa kwenye ngazi za ghala akavunjika nyonga. Mwingine aliamka akakuta mbwa wake ananing'inia getini, akaacha kazi siku hiyo hiyo, na kiti chake ndicho alichopewa dada.

Chama kizima kilimwita Ulimi, ingawa kazi kubwa ilifanywa na pua. Pua hiyo ilimtoa nyumbani kwa baba akiwa na miaka kumi na tisa. Ikampa mshahara, ikamlelea mabinti wawili baada ya mume kuingia mitini, ikampa nyumba yenye kufuli ambalo baba hakuwa na ufunguo wake. Dada hakuwa na kitu kingine duniani. Hakujipaka manukato, hakula pilipili, na akishikwa na mafua alilia kwa hofu.

Mvinyo wa baba ulikuwa umeanguka miaka miwili. Alama za kila jaji hubandikwa ukutani, kwa hiyo aliona wazi kwamba binti yake alimpa sabini na moja, kisha sabini na sita. Wiki moja kabla ya mwaka wa tatu alitukuta ghalani tunaosha glasi. Hakusalimia. Alimshika dada pua kwa vidole viwili, akaikunja hadi machozi yakamtoka.

"Pua hii nimeitengeneza mimi," alisema. "Ukiniangusha tena, naichukua."

"Baba, chupa zinafunikwa. Nitajuaje ipi ni yako?"

"Unamdanganya nani? Mimi niliyekufundisha?"

Alimwachia, akachukua glasi moja akaipasua ukutani, halafu ya pili, halafu ya tatu, taratibu, huku akimtazama. Mimi nilisimama na kitambaa changu cha kufutia kama mjinga. Hata leo nikikumbuka nataka kujizaba kofi mwenyewe.

Na baba alikuwa sahihi katika jambo moja. Dada angeujua. Aliwahi kuniambia kwamba akionja mvinyo wa baba, kabla pua haijasema neno, shavu la kushoto linawaka moto.

Siku ya kuonja ilianza saa tatu asubuhi, ulimi ukiwa bado safi. Ukumbi ulikuwa na meza tano zenye vitambaa vyeupe, na kila meza ilikuwa na ndoo ya bati ya kutemea. Mtu haruhusiwi kuongea wala kuguna. Katibu peke yake hufungua kikaratasi cha jina kilichofungwa kwa uzi shingoni mwa chupa, huandika namba kwenye kitabu chake, kisha huivika chupa mfuko mweusi. Mimi, mhudumu wa chama, nazipokea zikiwa zimeshavikwa, na namimina.

Namba kumi na saba. Dada alizungusha glasi, akainusa, na nikaona shavu lake la kushoto linabadilika rangi mbele ya macho yangu. Nikajua. Aliuonja, akatema. Akaonja tena. Akaonja mara ya tatu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Mmalize, nilisema moyoni. Mpe arobaini, dada, mpe ishirini, mlipe kila Jumapili yako. Naapa niliomba hivyo, na sijutii.

Aliandika, akageuza karatasi uso chini. Tukaendelea. Namba thelathini na moja aliitema kabla haijamgusa koo, na majaji wote wanne wengine wakafanya vivyo hivyo. Ilikuwa siki tupu.

Alasiri wakulima walijaa ukumbini. Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma.

"Namba kumi na saba ndiyo ya kwanza mwaka huu. Wastani tisini na mbili. Alama ya juu kabisa, tisini na tatu, kutoka kwa Ulimi. Mwenyewe ni mama yetu, Mjane wa Bondeni."

Mjane wa Bondeni, jirani yetu, aliinuka nusu akiwa na mkoba wake kifuani. "Upi? Ule wangu mimi? Mwenyekiti, hebu soma tena vizuri."

Watu waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilimtazama dada, naye alikuwa amekunja uso, anamtazama mjane, kisha baba, kisha mjane.

"Namba thelathini na moja," mwenyekiti aliendelea, na akalitaja jina la baba. "Wastani sitini na mbili. Huu ni mwaka wa tatu. Pole, mzee."

Baba alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Kumi na saba ni wangu!" alipiga kelele. "Wangu! Huyo mwanamke hajui hata kuosha pipa!"

"Mzee, kaa chini."

"Nimevibadilisha vikaratasi mwenyewe, kwa mikono yangu, chumba cha baridi! Kreti zetu zilikuwa pamoja!" Alimnyooshea dada kidole. "Kwa sababu ya hili lijoka! Nilijua litautambua mvinyo wangu na kuuzika. Nikaweka wa mjane uende kwa jina langu. Wa mjane unapita kila mwaka!"

Unapita kila mwaka, lakini mwaka huu ukungu ulikuwa umeingia kwenye zabibu za bondeni, na kila aliyeuonja angejua. Yeye hakuuonja. Mtu aliyempiga mtoto miaka minne kwa sababu ya kuonja vibaya alibeba chupa sita za siki, akaziandika jina lake, bila kutia hata tone mdomoni.

Nadhani hapo ndipo alipoelewa alichokisema, maana anayegusa vikaratasi anafutwa maisha, na alikuwa ameyatamka mwenyewe mbele ya watu mia.

Dada aliinuka mezani kwake. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nilijua ni wako, Baba. Tangu nilipounusa tu. Niliuonja mara tatu ili nihakikishe sikupunguzii hata alama moja kwa chuki. Ni mvinyo mzuri kuliko wote niliowahi kuonja. Ungeacha tu vikaratasi vyako mahali pake."

Baba angeweza kukaa. Angeweza kulia, na nina hakika watu wangemhurumia. Badala yake alikwenda hatua nne hadi mezani kwa dada, akaishika shingoni chupa ile ile ya kumi na saba, ikiwa bado na mfuko wake mweusi, akampiga nayo dada katikati ya uso. Chupa haikuvunjika. Kilichovunjika nilikisikia mimi, na walikisikia hadi safu ya mwisho.

Ndoo ya bati ilikuwa miguuni mwangu. Niliiinua ikiwa imejaa mate ya majaji watano nikampiga nayo baba kichwani, na alipoanguka nikaendelea na mkono wake wa kulia, mkono ule wa makofi, nikihesabu Jumapili kwa sauti. Walinitoa wanaume watatu. Mkono wake haukunyooka tena na sijawahi kuomba msamaha.

Alifutwa siku hiyo hiyo. Mjane aliukataa muhuri, akasema hawezi kula jasho la mtu, hata jasho la mtu kama yule. Mizabibu ya baba iling'olewa kabla ya baridi.

Daktari alimshona dada, akainyoosha pua yake vizuri, ukimtazama huoni kitu. Lakini mishipa ya kunusia ilikuwa imekatika. Alinusa kahawa, sabuni, moshi, nywele za mabinti zake. Hakusikia harufu. Tisini na tatu ilikuwa alama yake ya mwisho.

Chupa moja ya kumi na saba ilibaki. Jumapili moja mchana, jikoni kwake, alinitaka niifungue. Nilimimina kikombe kimoja. Alinusa kwa muda mrefu, macho yamefumbwa. Kisha akanywa, wala hakutema.

"Unasikia nini, dada?"

"Uchachu. Na ubaridi. Basi."

Aliweka kikombe mezani. Halafu akapeleka mkono kwenye shavu la kushoto, akaushikilia hapo.

"Bado linawaka," alisema.