Kijana wa Steshenari Alivyonisomea Diploma

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, nimesimama mbele ya darasa la tatu huko Kisongo, chaki mkononi, jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Nyuma ya darasa amekaa mkufunzi, mama wa makamo, miwani imeshuka puani, amekuja kunikagua nikifundisha Kiingereza. Wakati huo nywele zangu zilikuwa nyeusi zote na nilijiona msomi. Ngoja nikwambie nilivyofika hapo, maana juzi nimemwona mwalimu mmoja kijana kashika fomu ya diploma ya masafa, ile ya kusomea nyumbani, anaichekea kama kadi ya harusi. Nikashtuka. Mimi ya kwangu niliichekea hivyohivyo.

Mwenye shule alikuwa ametutangazia kwamba asiye na diploma ya kufundisha Kiingereza, mwakani atafute kazi nyingine. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mdomo. Nikapanda Akheri, kijijini kwa mama. Kwetu Umeruni ng'ombe wa zizini nyuma ya nyumba ni wa mama. Yeye ndiye anamkatia majani, na maziwa ni yake, hata baba haulizi. Nikamwambia, "Mama, hii nasoma nikiwa nyumbani. Ada nalipa mara moja tu, imekwisha."

"Umeuliza vizuri?"

"Nimeuliza, mama."

Sikuuliza. Fomu ilikuwa na kurasa nne za Kiingereza, na mimi, mwalimu wa Kiingereza, nilisoma ya kwanza nikasaini ya mwisho. Cheka tu, mwanangu, hata mimi nacheka. Mama akamuuza ng'ombe.

Mzigo ukaja na basi. Siku hizi mnaletewa kwenye simu, sisi tuliletewa boksi. Moduli nane, kila moja nene kama mto wa kulalia, kila moja na kazi zake za kuandika na tarehe ya kurudisha. Nilikaa chini kwa mshtuko. Nafundisha vipindi thelathini kwa wiki, madaftari ya kusahihisha yamejaa meza, Jumamosi nafua, Jumapili naimba besi kanisani. Nilidhani kusoma nyumbani ni kusoma ukipata nafasi. Hiyo nafasi sijaiona mpaka leo. Moduli mbili za kwanza nilijikongoja mwenyewe, na kusema kweli nilifaulu. Ya tatu niliishia ukurasa wa kumi.

Ngarenaro, nilikokuwa nimepanga chumba, kulikuwa na kijana wa steshenari, anachapa barua na kutoa kopi. Akaniona na boksi langu.

"Ticha, mbona unajitesa? Wenzako nawaandikia mimi. Wewe lete maswali tu."

Nikapeleka maswali. Nikapeleka na maandalio ya masomo, yale ambayo mkufunzi angekuja nayo siku ya ukaguzi. Anaandika yeye, naweka jina mimi, natuma. Nikaanza hata kunenepa.

Sasa ndiyo hiyo Jumatano. Mkufunzi ana kopi ya andalio langu, na mimi ninalo mkononi, na ndiyo mara ya kwanza nalisoma. Linasema: kila mwanafunzi amweleze mwenzake jinsi alivyokutana na mume au mke wake. Yesu wangu! Darasa la tatu! Yule kijana alikuwa amelichota kwenye kitabu cha watu wazima wa Ulaya. Nikajifanya sijaona, nikaanza kuimbisha alfabeti. Sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, fundisha ulichoandika."

Nikafundisha, ningefanyaje? Katoto ka dawati la mbele kakanyoosha mkono, kakasema kwa Kiingereza safi kuliko changu, "Mwalimu, mimi sina mume. Nimtaje wa mama?"

Darasa zima lilicheka. Mkufunzi hakucheka. Tulipotoka nje akaniambia taratibu, "Kaka, andalio hili wiki hii nimelikuta kwa walimu watatu. Wote mnawauliza watoto habari za waume." Kisha akafungua fomu yangu, ukurasa wa tatu. "Kazi ambazo hukuandika mwenyewe zinafutwa. Unarudia mwaka, na ada unalipa upya. Nikija kukukagua tena, nauli na posho yangu ni juu yako. Ona, yote yapo hapa, na umesaini."

Nikafunua ukurasa wa nne; saini ilikuwa yangu kweli.

Nikapanda tena Akheri. Mama akanimiminia strungi, chai ya rangi, maana maziwa yangetoka wapi. Nikamweleza yote, nikingoja anifokee. Hakufoka. Akauliza, "Kwa hiyo ng'ombe wangu kamsomesha kijana wa steshenari?"

Nikainamia kikombe.

"Ungefeli kwa mkono wako nisingesema kitu," akaendelea. "Ungeniambia kazi imekuzidi tungekaa tukapanga. Wewe ulinyamaza, ukalala usingizi." Mpaka leo, mwanangu, naweza kuwa nanyoa ndevu nikakumbuka maneno hayo, nikajikata.

Ada ya pili haikupatikana. Mwenye shule alinitoa darasani, ila alinihurumia akanipa ghala la vitabu. Ndipo nilipo. Nina moduli mbili kati ya nane, yaani robo diploma, na nawagawia chaki wenye diploma nzima.

Basi fomu hiyo uliyokuwa unaichekea juzi, isome yote, hata yale maandishi ya chini yanayotaka miwani. Uliza ada ya mtihani, ya kukaguliwa, ya kurudia. Wakikuona msumbufu, waache wakuone. Halafu chukua ratiba yako uonyeshe kwa kidole masaa ya kusoma yako wapi. Kama hayapo, omba upunguziwe vipindi, au ungoje mwaka. Na ikikuelemea katikati ya safari, mwambie mkufunzi, mwambie na aliyekulipia, kabla hujamwambia mtu wa steshenari.

Mungu akupe afya na macho ya kusoma kurasa zote nne. Usome mwenyewe, uchoke mwenyewe, ukosee mwenyewe, na siku ya mahafali likiitwa jina lako, usimame bila kumtafuta kwa macho aliyekuandikia. Amina, mwanangu.